Hijabu Kiwanjani: kesi ya Isiolo iliyopita mahakama tatu na swali likabaki palepale

Wasichana Waislamu wa Shule ya Upili ya Kutwa ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, hawakumshtaki mtu. Walichotaka ni kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare ya shule, basi. Aliyekwenda mahakamani ni Kanisa la Methodisti nchini Kenya, mfadhili wa shule hiyo, na walioshtakiwa ni Tume ya Huduma za Walimu (TSC) na maafisa wa elimu. Mzazi mmoja aliyekuwa na mabinti shuleni humo akajiunga na kesi kama mhusika mwenye maslahi, yaani mtu ambaye uamuzi utamgusa ingawa hakushtaki wala hakushtakiwa.

Nani amemshtaki nani laweza kuonekana jambo la makarani wa mahakama. Katika kesi hii ndilo lililoamua kila kitu. Mahakama Kuu ilitoa hukumu mwaka 2015, Mahakama ya Rufaa 2016, Mahakama ya Juu 2019. Ya kwanza ilisema hijabu hapana. Ya pili ilisema hijabu ndiyo. Ya tatu ilisema swali la hijabu halikuletwa mahakamani kwa njia inayostahili, ikaifuta hukumu ya pili na kumwambia yeyote mwenye nia arudi akaanze upya.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji ajue anasoma nini: Mahakama ya Rufaa iliielewa Katiba vizuri zaidi. Hata hivyo kasoro ambayo Mahakama ya Juu iliiona ilikuwepo kweli, na wanaoutetea uhuru wa dini wakiipuuza watashindwa tena siku nyingine kwa sababu ileile.

Ombi la naibu gavana

Mambo yalianza Juni 2014. Katika hafla ya shule, naibu gavana wa Kaunti ya Isiolo aliuomba uongozi wa shule uwaruhusu wasichana Waislamu wavae hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa lilikataa. Mvutano ukaingia shuleni, maafisa wa elimu wakaingilia kati wakiunga mkono ruhusa hiyo, na kanisa likapeleka ombi la kikatiba katika Mahakama Kuu ya Meru. Hoja yake ilikuwa kwamba uamuzi wa kuruhusu mavazi hayo ni kinyume cha sheria, unavunja kanuni za shule zilizokubaliwa, na unawabagua wanafunzi wengine kwa kulipendelea kundi moja.

Mahali hapa yapo maswali mawili, na nadhani sehemu kubwa ya mkanganyiko uliofuata ilitokana na kuyachanganya.

Swali la kwanza ni nani mwenye mamlaka ya kubadili kanuni ya sare. Hapa kanisa lilikuwa na hoja nzito. Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kaunti elimu ya awali, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya mafunzo ya nyumbani na vituo vya kulea watoto. Shule za upili haziko humo. Ni za serikali ya kitaifa. Naibu gavana anayesimama kwenye hafla na kuomba kanuni ibadilishwe ana uhuru wa kutoa maoni kama raia mwingine, lakini hana mamlaka ya kuagiza. Shule ina bodi ya usimamizi, na sheria inampa mfadhili uwakilishi ndani ya bodi hiyo. Mfadhili akiona kanuni inabadilishwa kwa shinikizo la wanasiasa na maafisa huku bodi ikipitwa pembeni, ana haki ya kulalamika.

Swali la pili ni tofauti kabisa. Kanuni yenyewe, hata kama ilitungwa na bodi halali kwa utaratibu halali, inapatana na Katiba? Mtu anaweza kushinda la kwanza na kushindwa la pili. Kanisa lilikuja mahakamani likiwa na swali la kwanza. Wasichana walikuwa na la pili, ila hawakuwa na faili lao. Swali lao liliingia kupitia mzazi, ndani ya hati ya kiapo aliyoiwasilisha kujibu ombi la kanisa, likiitwa ombi kinzani, yaani madai yake mwenyewe dhidi ya aliyeleta kesi. Kamba hiyo nyembamba ndiyo iliyobeba kesi nzima ya uhuru wa dini hadi ikakatika katika Mahakama ya Juu, Nairobi, zaidi ya miaka minne baadaye.

Meru, 2015: sare ni sare

Machi 5, 2015, Jaji Harun Makau alikubaliana na kanisa. Ombi kinzani la mzazi hakulikubali. Kuhusu hijabu, fikra iliyoiongoza hukumu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusoma shule ya Kenya: sare imewekwa ili wote wafanane, Katiba inasema katika Kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya taifa, kwa hiyo kumruhusu mwanafunzi wa dini moja avae tofauti ni kumpandisha juu ya wenzake. Aliyejiunga na shule alizikuta kanuni zake na akazikubali.

Hoja hii ina nguvu kwa sababu nia yake ni njema. Wazazi wengi wanaikumbuka sare kama kitu kilichoficha umaskini wao darasani, kilichomfanya mtoto wa mwenye duka na mtoto wa kibarua wakae dawati moja bila kupimana nguo. Sitaki kuibeza. Lakini Kifungu cha 8 kinaizuia serikali kuwa na dini yake. Hakimtaki mwanafunzi aache yake langoni. Kati ya mambo hayo mawili pana umbali mkubwa, na hukumu ya Meru iliuvuka kwa hatua moja.

Na kile kinachosemwa juu ya kuzikubali kanuni wakati wa kujiunga? Mtoto anayejiunga na shule ya upili hajadili masharti na shule. Anapewa fomu, mzazi anatia saini, ada inalipwa. Katika miji yenye shule chache, anayekataa kutia saini anabaki nyumbani. Saini ya namna hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa mtu ameiacha haki aliyopewa na Katiba, hasa tukisoma Kifungu cha 32(3) kinachokataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote, au kunyimwa kufurahia haki yoyote, kwa sababu ya imani au dini yake.

Mahakama ya Rufaa, 2016: uzito wa kanuni moja kwa watu wawili

Mzazi alikata rufaa. Septemba 7, 2016, majaji Philip Waki, Roselyn Nambuye na Patrick Kiage waliigeuza hukumu. Hapa ndipo kesi ilipopata kina, na hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo.

Kifungu cha 27(4) cha Katiba kinaikataza serikali kumbagua mtu, moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, kwa misingi mbalimbali. Ukiisoma orodha hiyo taratibu unakutana na dini, dhamiri, imani, utamaduni, na kisha mavazi. Mavazi yametajwa yenyewe, kando ya dini na utamaduni. Kifungu cha 27(5) kinamzuia na mtu binafsi kubagua kwa misingi hiyohiyo. Aidha Kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayoorodhesha haki za kila mtu, inawafunga wote, vyombo vya serikali na watu wote, kwa hiyo mfadhili hawezi kusema kwamba hayo yanamhusu waziri peke yake.

Ubaguzi wa moja kwa moja ni rahisi kuutambua: tangazo linalosema Waislamu wasije. Kiwanjani hapakuwa na tangazo kama hilo. Kanuni ilisema wasichana wote wavae hivi. Ubaguzi usio wa moja kwa moja unajificha hapo. Kanuni inasema jambo moja kwa wote, lakini kwa mmoja ni suala la kuvaa sketi na blauzi asubuhi, na kwa mwingine ni kuchagua kati ya darasa na agizo analoliamini kuwa la Mungu. Wote wameambiwa maneno yaleyale. Gharama waliyodaiwa haifanani. Mahakama ya Rufaa ilisema usawa wa kweli hupimwa kwa athari ya kanuni juu ya maisha ya anayeguswa nayo, na kwamba kuwatendea watu sawasawa bila kujali tofauti zao kunaweza kuzaa ubaguzi uleule uliokatazwa.

Majaji walitazama nje pia. Kule Wales mwaka 2008, katika kesi ya Watkins-Singh, msichana wa Kisikh alikatazwa na shule yake ya Aberdare kuvaa kara, bangili nyembamba ya chuma ambayo Masikh huivaa kwa imani. Shule ilikuwa na kanuni ya kukataza vito kwa wote. Jaji Silber aliamua kwamba kumkatalia ni ubaguzi usio wa moja kwa moja. Afrika Kusini mwaka 2007, katika kesi ya Pillay, Mahakama ya Kikatiba ilimtetea msichana wa shule moja ya Durban aliyevaa kipini puani kwa mila na dini ya Kihindu. Jaji Mkuu Pius Langa alieleza kwamba jamii inayoheshimu tofauti huwa na wajibu wa kufanya nafasi: kuchukua hatua, na pengine kubeba usumbufu au gharama kidogo, ili mtu asilazimike kuacha sehemu ya nafsi yake. Shule ya Durban ilihofia kwamba ukiruhusu kipini kimoja kesho watakuja na mengine yasiyo na mwisho. Mahakama haikuikubali hofu hiyo. Kama wengine wapo waliokuwa wakijificha na sasa watajitokeza na mila zao, hilo ni jambo la kufurahia.

Mambo mawili katika hukumu ya 2016 yanastahili kusifiwa zaidi ya matokeo yake.

La kwanza, mahakama ilipima kitu chenyewe. Hijabu na suruali nyeupe, pamoja na sare. Mwanafunzi angebaki anatambulika kwa shule yake, uso unaonekana, rangi ni moja. Ni tofauti na mtu anayetaka kuiacha sare kabisa. Katika kesi ya Begum nchini Uingereza mwaka 2006, msichana aliyetaka jilbabu, vazi refu la kufunika mwili, badala ya vazi ambalo shule ilikuwa tayari imeliandaa kwa ajili ya Waislamu alishindwa mbele ya majaji wa juu kabisa wa nchi hiyo. Shule ile ilikuwa imeshauriana na jamii na kuweka nafasi, na jambo hilo lilizingatiwa. Kwa hiyo anayedhani hoja ya kufanya nafasi inafungua mlango kwa kila ombi hajaitazama kwa karibu. Inaiuliza shule umejaribu nini, na inamuuliza mwanafunzi unahitaji nini hasa.

La pili, majaji hawakuishia kwa wasichana wa Isiolo. Walimwagiza waziri wa elimu, baada ya mashauriano, atunge kanuni au maelekezo ya kulinda uhuru wa dini na usawa kwa wanafunzi wa shule zote nchini. Kama agizo hilo lingebaki hai, mwalimu mkuu angekuwa na mwongozo mezani badala ya kubahatisha kila Januari wanafunzi wapya wanapofika.

Vipi mipaka? Uhuru wa kuidhihirisha dini una mipaka, na Kifungu cha 24 kinaeleza jinsi ya kuiweka: kwa sheria, na kwa kiwango kinachofaa na kinachoweza kutetewa katika jamii huru ya kidemokrasia inayojengwa juu ya utu, usawa na uhuru. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayetaka kuweka mpaka. Shule ikisema nidhamu itaharibika, ionyeshe vipi. Ikisema usalama wa maabara, ionyeshe ni maabara gani na nguo gani. Mengi yaliyosemwa dhidi ya hijabu ya Kiwanjani yalikuwa hofu ya jumla. Katiba haikatazi hofu, ila haiihesabu kuwa ushahidi.

Mfadhili ni nani hasa

Kabla ya kwenda Mahakama ya Juu, kanisa linastahili kusikilizwa kwa undani zaidi, kwa sababu katika mijadala mingi linasawiriwa kama mpangaji aliyekataa kuhama.

Shule nyingi za Kenya zilianzishwa na misheni. Makanisa yalijenga madarasa na kulipa walimu wakati serikali ya kikoloni haikujali sana elimu ya Mwafrika. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya 1968 iliziweka shule hizo chini ya serikali na kuwaachia makanisa nafasi ya ufadhili. Walimu wakawa wa serikali, mitihani ya serikali, lakini jina la mtakatifu likabaki getini na kasisi akabaki na sauti. Yapo mapatano ya kihistoria humo, na anayewaambia Wamethodisti kwamba shule si yao hata kidogo anafuta jasho la vizazi.

Ila mapatano hayo yana maandishi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika kifungu cha 27, inaorodhesha kazi za mfadhili. Mojawapo ni kudumisha makuzi ya kiroho huku akilinda madhehebu au imani za wengine. Sehemu zote mbili za sentensi hiyo ni za lazima. Mfadhili ana haki ya kuwa na kasisi, kwa gharama yake, na ana haki ya kuifanya shule ionje roho ya kanisa lake. Sheria ileile inampa kazi ya kumlinda yule asiyesali naye. Mfadhili anayepeleka mahakamani kesi ya kuzuia hijabu ya mwanafunzi wa shule ya umma amesimama, nionavyo mimi, upande usio wake. Kwa shule ya binafsi ya madhehebu, isiyotegemea hazina ya umma, mizani ingekaa tofauti. Huko haki ya jumuiya ya waumini kujiendeshea mambo yake ingekuwa na uzito mkubwa zaidi. Kiwanjani ilikuwa shule ya umma, ya kutwa, katika kaunti ambako watoto wa Kiislamu ni wengi.

Januari 24, 2019

Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, iliikubali rufaa ya kanisa na kuifuta hukumu ya Mahakama ya Rufaa. Sababu ilikuwa ya utaratibu. Mhusika mwenye maslahi, walisema, anaingia katika kesi iliyokwisha kuanzishwa na wengine. Hawezi kuleta hoja zake mpya na kuomba nafuu zake mwenyewe. Mahakama hiyo ilikuwa imeshauweka msimamo huo mwaka 2016 katika kesi ya Muruatetu. Kanuni za 2013 za kuendesha kesi za haki za kimsingi, zinazojulikana kwa jina la Jaji Mkuu wa wakati huo Willy Mutunga, zinampa mjibu ombi, yaani aliyeshtakiwa, nafasi ya kuwasilisha ombi kinzani. Mzazi hakuwa mjibu ombi. Kwa hiyo ombi lake kinzani halikuwa na miguu, na Mahakama ya Rufaa haikupaswa kulijengea hukumu. Majaji walikiri kwamba suala lenyewe ni zito na la kitaifa, wakasema anayetaka kulifuatilia alifikishe rasmi katika Mahakama Kuu.

Jaji Jackton Ojwang hakukubaliana nao. Angeiacha hukumu ya Mahakama ya Rufaa isimame.

Kwanza nitetee upande wa wengi. Kanisa lilikuja mahakamani kumlalamikia afisa wa elimu. Likajikuta linajibu shtaka la kuwabagua watoto, shtaka zito lenye kuhitaji ushahidi wake: kanuni zilitungwa lini, wasichana wangapi waliathirika, shule ilijaribu njia gani nyingine, kuna madhara gani. Haya hayakupimwa ipasavyo mbele ya jaji wa kwanza, kwa kuwa kesi haikuundwa kuyapima. Kifungu cha 50 kinampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa haki, na kanisa nalo ni mtu. Uhuru wa dini wa mmoja ukilindwa kwa kumnyima mwingine nafasi ya kujitetea, tumeanza vibaya.

Lakini dawa haikulingana na ugonjwa. Katiba ya 2010 iliandikwa na watu waliozifahamu kesi zilizokufa kwa kukosa muhuri. Kifungu cha 22(3) kinataka taratibu za kudai haki zipunguzwe hadi kiwango cha chini, mahakama ipokee ikibidi hata nyaraka zisizo rasmi, na isibanwe isivyofaa na ufundi wa utaratibu. Kifungu cha 159(2)(d) kinairudia amri hiyo kwa mahakama zote. Mwananchi yeyote anaweza kumwandikia jaji barua, na barua ikachukuliwa kuwa ombi. Mzazi huyu aliandika kwa kiapo, akiwa tayari ndani ya kesi, akiwatetea mabinti zake, juu ya vazi lilelile ambalo kanisa lilikuwa limeiomba mahakama ilikataze. Kwani hoja yake ilikuwa mpya kwa nani? Kanisa lenyewe ndilo lililoitaka mahakama iamue kama hijabu iruhusiwe. Jibu la uaminifu kwa ombi hilo lingelazimu kupima haki ya anayevaa, ombi kinzani liwepo au lisiwepo.

Na kama tatizo lilikuwa ni ushahidi na nafasi ya kujibu, njia ya katikati ilikuwepo: kuirudisha kesi Mahakama Kuu, wasichana au wazazi wao wafanywe wahusika kamili, kanisa lipewe muda wa kujibu, na mambo yasikilizwe upya yakiwa yamepangwa. Kumwambia mtu akafungue faili jipya ni kumrudisha mwanzo na gharama zake zote.

Fanya hesabu ya muda. Msichana aliyekuwa kidato cha kwanza Juni 2014 alifanya mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa 2017. Hukumu ya mwisho ilisomwa zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Hakuna msichana wa kidato chochote cha 2014 ambaye, akipita darasa kwa darasa bila kurudia, angekuwa bado kwenye sare ile siku majaji walipowashauri waliotaka kuendelea wakaanze upya. Aanze nani? Aliyeumia amekwisha kumaliza shule, na aliyepo sasa hajui kwamba kesi yake ilishachukua zaidi ya miaka minne ya watu wengine. Katika kesi ya Pillay binti alikuwa ameshaondoka shuleni kabla Mahakama ya Kikatiba ya Afrika Kusini haijaamua, na mahakama ililijua hilo. Iliamua hata hivyo, kwa kuwa suala lilihusu shule nyingi na lingerudi tena. Mahakama yetu ya Juu ilikuwa na nafasi hiyohiyo.

Baada ya hukumu

Wapo walioondoka mahakamani wakisema Mahakama ya Juu imepiga marufuku hijabu shuleni. Haikufanya hivyo. Iliifuta hukumu iliyoruhusu, bila kuamua swali la kikatiba lenyewe. Hata hivyo mwalimu mkuu asiye na wakili husoma vichwa vya habari, na kwa muda mfupi tafsiri ya mtaani ikawa ndiyo sheria inayofanya kazi.

Sheria yenyewe iliendelea kutembea upande mwingine. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilikuwa imewakubalia Waadventista wa Sabato katika kesi ya wanafunzi waliolazimishwa shughuli za shule siku ya Jumamosi, ikitumia fikra ileile ya kufanya nafasi. Na Septemba 2019, miezi minane tu baada ya hukumu ya Kiwanjani, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya msichana Mrastafari wa Nairobi aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya rasta zake. Alisema Urastafari ni imani inayolindwa na Kifungu cha 32, na kwamba kumzuia mtoto kuingia darasani kwa ajili ya nywele alizozifuga kwa imani hiyo ni kuvunja haki zake, ya elimu ikiwemo.

Ukiziweka kesi hizi mbili za 2019 pamoja unaona somo la vitendo. Mrastafari alikuja kwa jina lake, kupitia mzazi, akiwa mlalamishi. Aliishtaki shule yenyewe. Alieleza imani yake kwa ushahidi wa familia. Na mapema kabisa, Januari, mahakama ilitoa amri ya muda arudi darasani wakati kesi inaendelea, jambo ambalo Kifungu cha 23(3) kinaliruhusu waziwazi. Kwa hiyo hukumu ilimkuta bado mwanafunzi.

Mzazi wa leo ambaye binti yake amesimamishwa getini kwa sababu ya hijabu asingoje kanisa, kaunti au chama chochote kiende mahakamani kwanza ili yeye adandie. Aandike ombi lake. Aishtaki bodi ya shule inayotunga kanuni, amtaje waziri wa elimu, na mfadhili aingizwe ili awe na nafasi kamili ya kusema yake. Aseme kwa usahihi anachoomba: vazi gani, rangi gani, linavaliwa vipi na sare. Aonyeshe kwamba aliiomba shule kwanza na alijibiwa nini. Aombe amri ya muda siku ya kwanza. Na mfadhili anayeogopa kwamba jina la shule yake litafifia alete mbele ya jaji madhara anayoyaona, moja baada ya jingine, tuyapime.

Wizara nayo haina haja ya kusubiri kesi. Agizo la 2016 lilifutwa pamoja na hukumu, lakini mamlaka ya waziri kutunga kanuni chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi hayajafutwa na mtu. Anaweza kuwaita maaskofu, maimamu, Masikh, Wahindu, Warastafari, walimu wakuu na wanafunzi wenyewe, akaandika utaratibu wa kurasa chache: mwanafunzi anaombaje ruhusa ya kutofautiana na kanuni ya sare au ratiba kwa sababu ya imani, bodi inajibu ndani ya siku ngapi, inaweza kukataa kwa sababu zipi, na mtoto anakaa wapi wakati jibu linasubiriwa. Hilo la mwisho liandikwe kabla ya mengine yote: anakaa darasani.